Vifuko Tisa vya Kafuri

Watu wa Mkunazini walikuwa na neno lao juu ya Bi Mwanapili binti Mcha: ukitaka kumwona analia, mpe vitunguu akate. Hawakusema kwa ubaya. Mwanamke aliyeosha maiti wa kike kwa miaka thelathini na moja, vikongwe na vichanga, waliokufa kwa uzazi na waliokufa kwa kuchoka tu na dunia, bila ya chozi kumtoka, ni mtu wa kutegemewa. Maana chozi la mwosha halitakiwi kumdondokea maiti. Wanasema linamchoma. Mimi sijui kama linamchoma, sijapata kuwa maiti, lakini ndivyo wasemavyo na ndivyo Bi Mwanapili alivyofundishwa na shangazi yake, aliyemrithisha kazi.

Shangazi huyo alimfundisha mengi: maji ya mwanzo yawe ya majani ya mkunazi yaliyopondwa, ya mwisho yawe na kafuri, mkono wa mwosha ufungwe kitambaa, shuka ya sitara isifunuliwe ila pale mkono unapopita. Lakini mawili aliyarudia mpaka yakamkaa mfupani. Usilie, na usiseme. Utakaloliona chini ya shuka, liwe kovu, liwe donda, liwe mimba isiyojulikana na mtu, linabaki kwenye ufuo, lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea ili maji yateremkie. Linafukiwa pamoja na maji yake.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," shangazi alikuwa akimwambia, "na kata ni wewe. Ukisema ya wenzio, mikono itakayokuosha wewe nayo itasema yako."

Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Hamda, na haikuwa ya Bi Hamda tena. Baada ya Mapinduzi, Bi Hamda, mjane, na binti zake wawili waliachiwa vyumba viwili vya ghorofani, na vya chini wakapewa watu waliokuwa hawana pa kulala. Bi Mwanapili alipata chumba kilichokuwa ghala ya karafuu. Hakikuwa na dirisha, ila tundu moja juu ya mlango, na ukifunga mlango ni kama umejifungia kasha.

Mwaka mzima wa mwanzo wanawake wale hawakusalimiana. Bi Hamda alishuka ngazi akitazama ukuta huu. Bi Mwanapili, ambaye mama yake aliwachotea maji watu wa nyumba za namna ile ile, alitazama ukuta ule. Kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze, na kuta zikitazamwa kuliko zilivyostahili.

Aliyewapatanisha ni Tamima, binti mkubwa wa Bi Hamda, wakati huo ana miaka kumi na minne. Tamima alikuwa na pumu. Kifua kikimbana hawezi kupanda ngazi, basi hukaa kwenye kibaraza cha ndani, mlangoni kwa Bi Mwanapili, akisubiri pumzi zimrudie. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watoto wengine walimkimbia mwosha, na hata watu wazima, ukiwapa chakula chake, utawaona wanautazama mkono kwanza. Tamima alikula mandazi yake bila ya kuuliza kama amenawa. Akamwita bibi wa chini. Bi Mwanapili hakuwa amezaa, na jina lile lilimwingia pahala ambapo hapakuwa pameingia kitu.

Siku moja pumu ilimshika Tamima vibaya, na Bi Mwanapili akambeba mgongoni ngazi zote mpaka juu. Bi Hamda alimfungulia mlango, akamtazama usoni, akasema, "Ahsante, Bi Mwanapili." Ilikuwa mara ya kwanza kumtia hiyo Bi. Tangu hapo kuta zilipumzika.

Sasa, mwaka wa sabini na moja ulikuwa mwaka wa foleni. Mchele kwa foleni, sukari kwa foleni, kitambaa ndio usiulize. Kafuri haikuwa hata na foleni, kwa sababu haikuwapo. Bi Mwanapili alizunguka maduka yote ya mji akarudi mikono mitupu, na maiti watatu akawaosha kwa majani ya mkunazi peke yake, jambo lililomnyima raha. Ndipo Jecha, mwenye duka la viungo pale uchochoroni, alipomwita.

Jecha hakuwa mwizi, na nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye watu walimwita majina. Alinunua mnadani makopo matano makubwa yaliyokaa miaka kwenye bohari moja ya pwani ambayo wenyewe walikwisha kuondoka. Karatasi za makopo zilikuwa zimeliwa na unyevu. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vya mviringo. Jecha akanusa, macho yakamtoka maji, akasema: kafuri hii, tena kafuri kweli. Alikuwa amebakiwa na kafuri ya zamani kidogo, akaichanganya humo, akaanza kupima na kufunga kwenye karatasi.

Watu wakaisifu. Sisi ndivyo tulivyo: dawa isipokuwa chungu si dawa, pilipili isipowasha si pilipili, na kafuri isipopiga puani ya nini? Waliitia kwenye maji ya maiti, wakaitia makabatini. Bi Mwanapili alinunua ya kumtosha mwaka, kwa kuhofia itatoweka tena, akaiweka kwenye bati la biskuti chini ya kitanda chake.

Mwezi ule Tamima akaposwa na karani mmoja wa bandarini, kijana wa Mtoni. Bi Hamda alitoa kasha lake mwenyewe la harusi, la mninga na njumu za shaba, akalijaza nguo alizokuwa akizificha tangu siku nzuri: kanzu za hariri, suruali za marinda, mitandio. Nguo kama zile zilikuwa hazipatikani tena kwa pesa wala kwa kujuana. Na Bi Mwanapili, ambaye hakuwa na kitu cha kutoa, alikata kanga yake moja akashona vifuko tisa kwa uzi mwekundu, akavijaza kafuri ya Jecha ili nondo na mende wasikaribie.

Shangazi mmoja wa bi harusi alivikataa. "Kafuri ya mwosha maiti kwenye kasha la bi harusi? Mnaona kweli?"

"Vitiwe," alisema Tamima. "Bibi wa chini ndiye aliyenibeba."

Vikatiwa, kimoja baina ya kila nguo na nguo. Bi Mwanapili alishuka ngazi siku ile akiwa na furaha ambayo hakuipata hata siku ya harusi yake mwenyewe.

Tamima alikaa Mtoni miezi mitano. Alirudi kwa mama yake kifua kimemkaa vibaya, hawezi kulala ila kwa kukaa, na akivaa mikono mirefu na mtandio mpaka kidevuni hata jua linapochoma. Aliona haya kumtazama mtu. Bi Mwanapili alimpelekea mandazi, akala nusu, akasema, "Bibi, mbona kila nkivaa nguo zangu nzuri nnahisi kufa?" Bi Mwanapili alimwambia asitaje kifo, si maneno ya bi harusi. Siku ya nne, asubuhi, wakati watu wanatoka kununua mikate, pumzi zilikwenda na hazikurudi.

Akamwosha yeye. Nani mwengine?

Alipofunua shingo aliona upele uliochubuka, mwekundu, umezunguka kama ushanga. Akafunua mikono: pingu mbili za malengelenge pale mikono ya kanzu inapoishia. Kiunoni, pale utepe wa suruali unapokaa. Vifundoni, pale marinda yanapobana. Bi Mwanapili alikwisha kuona miili mingi, lakini mwili ulioandikwa namna ile hakupata kuuona. Akajua mara moja kwa nini Tamima alikuwa akijifunika. Watu wakiona ngozi kama ile hawasemi neno ila moja, ukoma, na dada yake mdogo, Shemsa, asingeposwa mpaka kiama. Basi akarudisha shuka.

Akatia kafuri kwenye maji ya mwisho. Aliitia nyingi, kwa mapenzi. Mvuke ukampanda, macho yakaanza kumuwaka, na mwanamke ambaye hakupata kulia juu ya maiti alihisi chozi linateremka shavuni. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Chozi likadondoka, likaangukia kwenye kifua cha Tamima.

Tangu siku hiyo hakukaa salama. Kila maiti aliyemwosha macho yalimtiririka, na waliokuwa wakishika shuka nao pia, mpaka watu wakaanza kusema Bi Mwanapili kazeeka, moyo umekuwa laini. Yeye alijua si moyo. Alijua anadaiwa. Mikono ilimpasuka vidoleni, akasema hiyo ni adhabu. Na mchana, akishasali adhuhuri na kufunga mlango ajinyooshe, joto lilipopanda chumbani, harufu ya siku ile ilikuwa inakuja. Inakuja taratibu, kwanza puani, kisha machoni, kisha kooni, mpaka anakohoa kama alivyokuwa akikohoa mwenyewe Tamima.

"Tamima?" alikuwa akiuliza. "Mwanangu, lile chozi lilinitoka bila ya kukusudia. Nsamehe."

Akamwita Maalim Borafya aje kumsomea. Maalim alikaa chumbani mlango umefungwa, akasoma kurasa mbili, macho yakamtoka maji, sauti ikamkauka. Akatoka akisema aliyemo humo si mdogo. Akaagiza chumba kifungwe vizuri zaidi, hata lile tundu la juu lizibwe kwa matambara, kwa siku saba. Bi Mwanapili akaziba. Siku hizo saba Tamima alikuja kila mchana, tena kwa nguvu, na Bi Mwanapili, nawaambia msishangae, alianza kumngojea. Aliogopa, na alimngojea. Hakuwa na mtu mwengine wa kumjia.

Aliyekuja siku ya nane ni Usi, bwana afya wa mtaa, kijana mrefu wa Chwaka anayekagua mitungi isiwe na viluwiluwi vya mbu.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Mitungi iko uani, nimeifunika."

Usi aliingiza kichwa chumbani kutazama mtungi wa kunywa, akapiga chafya tatu kwa mfululizo. Akajifuta macho.

"Bi Mwanapili, kwani unafuga kuku humu?"

"Kuku? Nitawaweka wapi, kichwani?"

"Basi mbona chumba kinanuka banda la kuku lililofukizwa?"

Bi Mwanapili alimgeukia. "Unaisikia harufu?"

"Naisikia! Itanitoa macho."

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la wivu: sasa Tamima anawatokea mpaka wapita njia. Lakini Usi alikwisha kupiga magoti, akifuata pua yake, na akalivuta bati la biskuti kutoka chini ya kitanda. Alilifungua, akalifunga haraka, akatoka nalo mpaka uani.

"Umeipata wapi hii?"

"Kafuri hiyo. Ya Jecha. Mji mzima unatumia."

"Hii si kafuri. Hii ni fomalini, bibi. Ile dawa ya maji wanayohifadhia viungo vya watu hospitali, basi hii ndiyo hiyo hiyo, imekaushwa ikagandishwa. Mimi nliitumia nlipokuwa shamba la kuku. Kuku wakiugua, tunawatoa wote, tunafunga madirisha, tunaifukizia banda, tunakimbia. Hatufungui mpaka siku ya pili. Kuku hatumwachi ndani, seuze mtu!"

"Inafanya nini?"

"Inawasha macho. Inababua ngozi ya wengine, mtu akigusana nayo kila siku, na nguo inainywa. Na mwenye pumu ndio asiikaribie kabisa, itambana kifua."

Bi Mwanapili alikaa chini pale pale uani, kwenye mawe. Shingo. Mikono. Kiuno. Vifundo. Mwili ulioandikwa, na sasa alijua kuusoma, na mwandishi alikuwa yeye mwenyewe kwa uzi wake mwekundu.

Usi alichukua vipande viwili kwa ushahidi, akamsisitiza bati alifukie mbali na kisima. Bi Mwanapili aliitikia. Usi alipopinda kona, alilirudisha chini ya kitanda.

Baada ya siku chache kijana alirudi uso umemsawijika. Jecha alimwapia kwamba watu wanaitumia na hakuna mteja aliyelalamika. Ni kweli, maana wateja wa kafuri wengi wao wamelala makaburini Mwanakwerekwe. Na ofisini wamemwambia sheria zipo za chakula na za dawa za kunywa. Kitu cha kuweka kabatini hakikutajwa popote. Bidhaa zenyewe adimu, ukifunga duka la mtu bila ya sababu iliyoandikwa watu watapiga kelele.

"Wanataka mtu," alisema Usi. "Mtu aliyedhurika, ijulikane kadhurika wapi na vipi. Nkimpata mmoja tu, makopo yanafungwa siku hiyo hiyo."

Bi Mwanapili akamnyooshea vidole vyake vilivyopasuka.

"Watasema ni maji na sabuni, bibi. Kazi yako inajulikana." Akavitazama tena. "Hujamwona mwengine? Wewe unaona miili ya watu."

Aliiona shingo ya Tamima waziwazi kama iko mbele yake. Alimsikia shangazi. Alimwona Shemsa, hajaposwa. Akasema, "Sijamwona." Alikuwa ametoka kusali adhuhuri, na uongo ule alihisi unamkwaruza koo kuliko ile fomalini.

Wiki mbili alikaa na uongo huo. Alikwepa kutazama duka la Jecha, na kila aliposikia mtu kafa mtaa wa pili alijua ni maji gani yanayotiwa. Mchana alifunga mlango. Alijua sasa ni nini kinachokuja, alikwisha kuambiwa na mtu aliyesoma, na bado aliuliza, "Tamima?"

Kisha Shemsa akaposwa.

"Bi Mwanapili!" aliita Bi Hamda kutoka juu.

"Naam!"

"Hebu panda uone!"

Alipanda. Kasha lilikuwa wazi katikati ya chumba, limerudishwa kutoka Mtoni, na nguo za Tamima zimetandazwa kitandani. Shemsa amesimama mbele ya kioo, amevaa kanzu ya hariri ya dada yake, anajikuna shingo.

"Wapi nitapata hariri mwaka huu?" alisema Bi Hamda, kama anayejitetea. "Na mwenyewe Tamima asingemnyima. Vifuko vyako vimo vyote, sikukitoa hata kimoja. Nimeongeza na kafuri nyengine ya Jecha."

Shemsa akajipangusa macho. "Nguo za dada zinaniliza," alisema. "Kila nkizivaa nalia tu."

Na mama yake, macho yake mwenyewe yamejaa, akamwambia, "Lia mwanangu. Dada yako huyo."

Bi Mwanapili alivitazama vifuko vyake, tisa, vimepangwa ukingoni mwa kasha, kila mshono wa mkono wake. Alidhani atachagua maneno. Yakatoka bila ya kuchaguliwa.

"Mvue! Mvue hiyo nguo sasa hivi! Shemsa, toka nje, kaoge."

Msichana alimtazama mama yake, akatoka. Ndipo Bi Mwanapili aliposema yote, amesimama. Alitaja shingo, akataja mikono, kiuno, vifundo. Kila pahala alipopataja alihisi anaifunua shuka upya mbele ya mama mtu. Akaeleza fomalini ni nini. Na mwisho akasema, "Na aliyemtilia kashani ni mimi. Nilishona kwa mkono wangu. Hakuna awezaye kuapa kuwa ndiyo iliyomuua, na mimi siwezi kuapa kuwa siyo."

Bi Hamda hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kasha, akachukua kifuko kimoja akakigeuza geuza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Upele. Alinionyesha yeye mwenyewe, siku ya mwanzo alipokuja. Alitaka kwenda hospitali. Nikamwambia, wakikuona watasema ukoma, na mdogo wako je? Nikamwambia vaa mikono mirefu, nyamaza, utapoa." Alikuwa akisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Nguo zile zile, Bi Mwanapili. Kwa mkono wangu nilimvisha nguo zile zile, nikamfunga mtandio shingoni. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nimewaambia watu methali hiyo mara ngapi maishani mwangu?"

Nje Shemsa alikuwa anajimwagia maji, na sauti ya kata ikisikika.

"Nimeapa kutosema ya maiti," alisema Bi Mwanapili hatimaye. "Lakini ofisini kwa Usi wanataka mtu."

Bi Hamda aliinuka akavaa buibui lake. "Basi twende. Wewe sema uliloliona, na mimi ntasema nililolificha."

Walikwenda pamoja mpaka ofisi ya afya, wanawake wawili ambao zamani hawakuweza kutazamana kwenye ngazi moja. Karani aliandika kitabuni, na watu wanane waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu walisikia kila neno. Bi Mwanapili alisema mpaka mwisho, kavu, bila ya chozi. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Usi bati la biskuti, na kijana alipoona limejaa alimtazama, lakini alikuwa na adabu, hakuuliza.

Siku ile ile makopo ya Jecha yalifungwa na kuchukuliwa. Kwenye milango ya maduka ilibandikwa karatasi ya Kiswahili cha wazi, imepigwa muhuri: dawa hii ni ya kufukizia mabanda matupu, haiuzwi kwa ajili ya nguo, wala maji ya kuoga, wala maiti, na kopo lisilo na maandishi lisifunguliwe mpaka bwana afya alione. Pamoja na makosa yetu mengi, karatasi ile tuliifuata. Jecha mwenyewe alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba watu wamrudishie.

Na Bi Mwanapili? Jioni ile Mkunazini nzima ilikwisha kujua kuwa mwosha kasema. Walimshukuru kwa watoto wao, wakamshukuru kwa makabati yao, na hawakumwita tena. Akifa mtu, walimtuma kijana kwenda Kikwajuni kumchukua Bi Mwanakhamis. Hakuna aliyemtukana. Lakini nani atampa mwili wa mama yake mtu ambaye ulimi wake umefunguka? Alikaa na kata yake na vitambaa vyake vilivyofuliwa, akasikia vilio vya mtaa vikimpita.

Palitokea matanga nyumba ya tatu, na wanawake wakawa wanamnong'ona Bi Mwanapili naye yupo pale. Bi Hamda aliwasikia. Akasema kwa sauti ya zamani, ile ya mwenye nyumba, "Mimi nikifa, ataniosha Mwanapili. Na akiona kitu, aseme." Hata hivyo hawakumwita.

Harusi ya Shemsa ilifanywa kwa nguo za kuazima. Hariri za Tamima zilifuliwa mara nne, zikaanikwa juani mwezi mzima, na bado Bi Hamda hakuthubutu. Alizikunja akazitia kwenye gunia, wala hakusema alizipeleka wapi.

Siku mbili baada ya harusi, nyumba imetulia, Bi Mwanapili alisali adhuhuri akafunga mlango. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, godoro limepigwa jua, tundu la juu liko wazi. Joto likapanda kama linavyopanda kila siku. Alijinyoosha, akangoja. Akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena. Harufu ya chokaa, na mbali kidogo, ya samaki wa kukaanga wa jirani.

"Tamima?" aliuliza.

Macho hayakumuwasha, koo halikumkwaruza. Chumba kilikuwa safi, hakina mtu, na akajua kwamba siku zote zile hakikuwa na mtu. Ndipo alipolia, Bi Mwanapili binti Mcha, kwa sauti, kwa macho mazima yasiyo na dawa wala mvuke, akalia mpaka juu wakamsikia. Bi Hamda alishuka ngazi. Hakugonga mlango. Alikaa kwenye kibaraza cha ndani, pale alipokuwa akikaa Tamima kusubiri pumzi zimrudie, akakaa hapo mpaka alasiri ikaadhiniwa.